Ngoma kwa Kibali: Mwili, Jinsia na Ukoloni Katika Sanaa ya Nairobi

Machi 16, 1922, umati ulikuwa umejaa mbele ya kituo cha polisi cha Nairobi ukidai Harry Thuku aachiliwe. Alikuwa amekamatwa siku mbili kabla, baada ya miezi ya kupinga kipande (kitambulisho alicholazimishwa Mwafrika kubeba), kodi na kazi ya kulazimishwa waliyofanyishwa hata wanawake na wasichana. Wajumbe, wote wanaume, waliingia kuzungumza na wakubwa, wakatoka na kuwaambia watu warudi makwao. Hapo ndipo Muthoni Nyanjiru alipojitokeza mbele, akapandisha nguo yake hadi mabegani na kuwaambia wanaume waichukue wao, wampe yeye suruali zao, maana kiongozi wao yumo ndani nao wamebaki kuogopa. Wanawake wakapiga vigelegele. Umati ukasonga kuelekea langoni, askari wakafyatua risasi, na inasimuliwa kwamba walowezi waliokuwa kwenye baraza ya hoteli ya Norfolk nao walifyatua zao. Taarifa rasmi ilitaja waliokufa kuwa 21. Wenyeji walihesabu wengi zaidi. Nyanjiru alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuanguka.

Leo barabara inayopita hapo inaitwa Harry Thuku. Norfolk ingalipo, na mkabala nayo pamesimama Kenya National Theatre, ambako watu hulipa kiingilio kutazama miili ya wengine ikisema mambo. Naanza na Nyanjiru kwa sababu kila msanii wa Nairobi anayetumia mwili wake kuuliza habari za asili, jinsia na ukoloni hukutana na shutuma ileile: kwamba ameiga Wazungu, kwamba huu si utamaduni wetu. Shutuma hiyo ina historia yake, na historia hiyo yenyewe ni ya kikoloni zaidi kuliko sanaa inayoshutumiwa.

Tuelewane kwanza tunazungumzia nini. Katika mchezo wa kuigiza wa kawaida kuna mwandishi, kuna mhusika, na mwigizaji humvaa mhusika huyo kisha humvua pazia likishuka. Katika sanaa ya utendaji, msanii hana wa kumvaa. Mwili wake, jina lake, ukoo wake na mahali aliposimama ndiyo kazi yenyewe. Mwaka 1987 James Luna, msanii wa jamii ya Luiseño huko California, alijilaza ndani ya sanduku la vioo katika jumba la makumbusho la San Diego, kando yake vibao vikieleza makovu yake na vitu vyake binafsi, kama wafanyavyo wenye makumbusho kwa mifupa na vyungu vya watu wake. Wageni walipita wakimtazama kama kitu, hadi wakagundua kuwa anapumua na anawasikia. Mwaka 2002 Rebecca Belmore, msanii wa jamii ya Anishinaabe huko Kanada, alisimama kwenye mtaa wa Vancouver walikopotea wanawake wengi wa jamii asilia, majina yao yakiwa yameandikwa mikononi mwake, akayaita moja baada ya jingine kwa sauti ya juu. Alivaa gauni jekundu, akalipigilia misumari kwenye nguzo, akalivuta hadi likachanika.

Nyanjiru hakuwa msanii, na sitaki kumgeuza kuwa mmoja, aliuawa, hakuigiza. Lakini alichofanya kilieleweka mara moja na kila Mkikuyu aliyekuwapo. Mwanamke mtu mzima kujifunua makusudi mbele ya wanaume, *guturamira ng'ania*, ilikuwa laana na tusi kubwa kupita yote, lenye taratibu zake: nani anaweza kulitoa, mbele ya nani, kwa kosa gani. Baadaye wanawake walimtungia wimbo, Kanyegenuri. Na miaka 70 baadaye, mnamo Februari 1992, akina mama wa wafungwa wa kisiasa walianza mgomo wa kula katika Uhuru Park, Wangari Maathai akiwa pamoja nao. Polisi walipowavamia Machi 3 kwa virungu na mabomu ya machozi, baadhi ya akina mama hao walivua nguo zao. Askari walio rika la watoto wao wakageuza macho. Magazeti ya siku hizo yaliandika juu ya aibu. Wazee wa Kikuyu hawakuhitaji gazeti kuwaeleza kilichotokea.

Kwa hiyo mwili kutumika kama hoja hadharani si jambo geni hapa. Kigeni ni kuuliza kama una kibali.

Asilia ni nani?

Huko Kanada au Australia, "jamii asilia" ni wale waliokuwapo kabla ya walowezi, na walowezi wangali ndio wengi. Kenya mambo yamepindana zaidi. Serikali ya kikoloni ilimwita kila Mwafrika mzaliwa wa hapa *native*, na kutokana na neno hilo ikamjengea sheria yake, mahakama yake, kipande chake cha kuvaa shingoni na eneo lake la kuishi. Maeneo hayo yalitangazwa rasmi mwaka 1926, kila kabila na mipaka yake kwenye ramani. Walioishi katikati ya mipaka, waliooana ng'ambo ya mto, waliobadilika kutoka wafugaji kuwa wakulima na kurudi tena, ilibidi wachague kisanduku kimoja. Majina mengine tunayoyaona ya kale ni ya juzi: Wakalenjin na Wamijikenda walianza kujiita hivyo kwa pamoja miaka ya 1940, kwa sababu nzuri za kisiasa.

Siku hizi kuna maana nyingine. Waogiek, Wasengwer na Waendorois wanajitambulisha kama jamii asilia kwa msingi wa kufukuzwa kwenye misitu na maziwa yao, na si na mkoloni peke yake. Mwaka 2017 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliamua kwamba serikali ya Kenya ilikiuka haki za Waogiek wa msitu wa Mau. Kwa maana hiyo ya pili, Mkikuyu au Mluo wa Nairobi si mtu wa jamii asilia, hata acheze ngoma ya babu yake usiku kucha.

Sasa nenda Bomas of Kenya, kule Lang'ata. Serikali iliianzisha mwaka 1971 na ikafunguliwa 1973, ili kuhifadhi ngoma na kuwavutia watalii. Wakenya wengi wanaijua kama mahali wanapotangaziwa rais, lakini ukiingia ukumbini siku ya kawaida utakuta kikundi kimoja cha wachezaji kikicheza ngoma za makabila yote, moja baada ya nyingine, wakibadilisha mavazi nyuma ya jukwaa. Nje kuna vijiji vya mfano, kila kabila na boma lake. Siwadharau wachezaji hao. Ni mafundi, na wapo waliojifunza ngoma ambazo vijijini zimekwisha kusahauliwa. Ila mpangilio wenyewe, kila kabila mahali pake, hakuna anayechanganyika, ni ramani ya 1926 iliyopigiwa ngoma.

Kulikuwa na mahali pengine karibu na Nairobi palipoonyesha jambo hili waziwazi kupita kiasi. Familia moja ya walowezi, akina Mayer, ilianza mwaka 1968 kupokea watalii shambani mwake kwenye Bonde la Ufa. Wageni walioneshwa boma na morani wakiruka na kuimba, kisha wakapelekwa kwenye nyasi za nyumba ya mwenye shamba kunywa chai. Saa za mkononi na fulana za morani zilifichwa wageni wasizione. Miaka ya 1980 serikali ilipafunga, maana aibu ilikuwa imezidi. Biashara ya kumwonyesha Mmaasai asiye na saa haikufungwa, ilihamia hotelini.

Mfano wa kinyume ni mwomboko. Unachezwa kwa kodiani na pete ya chuma, karing'aringa, wanaume na wanawake wawili wawili, hatua mbili na kuinama. Ulienea miaka ya 1940, vijana waliporudi kutoka vita vya pili vya dunia wakiwa wameona dansi za Wazungu. Wazee wa wakati huo waliuona upotovu. Leo ukichezwa harusini Kiambu, kila mtu anasema huo ndio utamaduni wenyewe. Ngoma huwa ya asili kwa kuzeeka, na kwa kusahauliwa ilivyolaumiwa.

Fundo la muthirigu

Hapa ndipo mambo yanapokuwa magumu kweli, na sanaa nyingi ya kujivunia ukale huruka ukurasa huu.

Mwaka 1929 misheni kadhaa Ukikuyuni, Church of Scotland ikiwa mbele, ziliwataka waumini na walimu wao watie sahihi au kidole gumba kuukana ukeketaji wa wasichana. Waliokataa walifukuzwa kanisani na watoto wao shuleni. Vijana wakatunga ngoma, muthirigu, yenye beti zisizokwisha. Kila kijiji kiliongeza zake. Ziliwatukana wamisionari kwa majina, zikawatukana machifu waliotia kidole, zikasema kuwa Wazungu wanataka kuwaoa wasichana wasiokeketwa ili warithi ardhi. Januari 1930 serikali iliipiga marufuku, na waliokamatwa wakiicheza waliadhibiwa. Kutokana na mzozo huo zilizaliwa shule huru za Wakikuyu, ambazo nazo zilifunza kizazi cha wapigania uhuru.

Ni ngoma ya upinzani, bila shaka. Lakini isikilize tena: beti zake kali kuliko zote ziliwalenga wasichana ambao hawakukeketwa, zikiwaita majina ambayo hata leo hayatamkiki mbele ya mama. Hoja kati ya mkoloni na wanaume wa Kikuyu ilipiganiwa juu ya mwili wa msichana wa miaka 13 au 14, na hakuna upande uliomwuliza. Meru, mwaka 1956, baraza la wazee la Njuri Ncheke lilipopiga marufuku ukeketaji kwa kushirikiana na utawala, wasichana walikwenda vichakani na wembe, wakakeketana wenyewe. Waliitwa Ngaitana: nitajikeketa mwenyewe. Je, huo ni uhuru wa mwanamke au ni kifungo chake? Ukijibu haraka, hujasikiliza. Sheria ya Kenya tangu 2011 inakataza tendo hilo kabisa, na naiunga mkono. Hata hivyo siwezi kumsoma Ngaitana kama mjinga aliyedanganywa.

Msanii anayepanda jukwaani leo na kusema "turudi kwenye ngoma zetu" inabidi atuambie ni zipi, na nani alikuwa akitukanwa ndani yake. Mkoloni alituachia mafungu mawili tu. Ngoma iliyomkera aliipa jina la uchochezi au uchafu, akaipiga marufuku. Ile isiyomkera ikawa burudani. Kenya Music Festival, iliyoanza 1927, ilikuja kuwa na madaraja ya nyimbo za kienyeji ambapo ngoma ya usiku mzima hubanwa ndani ya dakika chache mbele ya waamuzi wenye kalamu. Hakuna fungu lililotengwa kwa ngoma inayojadiliana na watu wake wenyewe, na hiyo ndiyo kazi ambayo ngoma nyingi zilikuwa zikifanya. Pale Mombasa, vyama vya wanawake vya ngoma ya lelemama vilishindana kwa mavazi na kwa mafumbo, wakapigana vijembe kuhusu ukoo, utumwa na mwenendo. Mtu aliyefanya la aibu alijikuta wimboni wiki ijayo.

Nani anaruhusiwa kucheza nini

Miiko ya kijinsia ndani ya ngoma haikuletwa na meli. Kibaata ilikuwa ngoma ya mashujaa wanaume wa Kikuyu. Wangu wa Makeri, mwanamke wa Murang'a aliyepewa uongozi chini ya utawala wa Kiingereza mwanzoni mwa karne ya 20, aliondoka kazini mwaka 1909 baada ya kuicheza, na inasimuliwa kwamba vazi lake la ngozi lilimvuka akiwa katikati ya wachezaji. Tumezoea kusimulia kisa hicho kama kichekesho cha mwanamke aliyevimba kichwa. Ukikisimulia upya kutoka upande wake, utaona mtu aliyepewa cheo cha kiume na serikali ya kigeni, akaenda kukidai pia kwa lugha ya kwao, na hapo ndipo walipomkatalia. Cheo cha mkoloni alikipata, kibaata hapana.

Kwa Mekatilili wa Menza ilikuwa kinyume. Mwaka 1913 alizunguka vijiji vya Wagiriama akicheza kifudu, ngoma ya msiba ambayo wanawake walikuwa na haki nayo kamili. Watu walimfuata kwa sababu hakuvunja mwiko wowote; aliubeba msiba wa mtu mmoja akaufanya wa nchi nzima. Waingereza walimkamata na kumpeleka Kisii; akatoroka, akatembea kurudi kwao.

Nyatiti ya Waluo na orutu, ile yenye uzi mmoja, vilikuwa vyombo vya wanaume. Mwanamke aliyejulikana mapema kupita wengi kwa kuipiga nyatiti jukwaani ni Mjapani, Eriko Mukoyama, anayejiita Anyango. Huwa najiuliza kwa nini mwiko ulimfungulia mgeni mlango kabla ya binti wa nyumbani. Labda mgeni hahesabiwi kuwa mwanamke sawasawa. Sasa Labdi Ommes anapiga orutu katika kumbi za Nairobi, na huhitaji kuelezwa chochote ili uisikie hoja. Mkono wake na upinde vinatosha.

Wala jinsia yenyewe haikuwa mbili tu zilizopigwa misumari. Miongoni mwa Wanandi, Wakamba, Wakuria na wengineo, mwanamke asiye na mwana aliweza kumwoa mwanamke mwenzake, akalipa mahari na kuhesabiwa kuwa mume na baba wa watoto. Si mapenzi ya jinsia moja, kama wanaharakati wengine wanavyopenda kudai. Ni utaratibu wa ukoo na urithi. Lakini unaonyesha kuwa mtu mwenye mwili wa kike aliweza kushika nafasi ya kiume bila anga kuanguka. Mwaka 2011 Mahakama Kuu mjini Mombasa ilitambua ndoa ya aina hiyo katika kesi ya mirathi. Kifungu cha 162 cha kanuni ya adhabu, kinachotumiwa dhidi ya mapenzi ya jinsia moja, ndicho kilichotoka katika sheria za Waingereza, na Mei 2019 Mahakama Kuu Nairobi ilikiacha kilivyo. Ajabu ni kwamba kifungu hicho hutetewa kwa jina la mila za Kiafrika.

Jukwaa na leseni yake

Kenya National Theatre ilifunguliwa Novemba 1952, wiki chache baada ya hali ya hatari kutangazwa. Wakati watu wanafagiliwa mitaani na kupakiwa kwenye malori, pazia jipya lilikuwa likifunguliwa kwa wapenzi wa tamthilia za London. Hata baada ya uhuru ukumbi uliendelea kwa mtindo huo. Oktoba 1976 tamthilia mbili za Wakenya, moja ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Mĩcere Mũgo kuhusu Dedan Kimathi na nyingine ya Francis Imbuga, zilibidi zipiganie siku chache za kuonyeshwa hapo, kwa kuwa ratiba ilikuwa imejaa burudani za kigeni. Usiku wa kwanza wa tamthilia ya Kimathi, waigizaji na watazamaji walitoka wakiimba na kucheza hadi barabarani, upande wa Norfolk, palepale Nyanjiru alipoangukia. Mwaka uliofuata wanakijiji wa Kamĩrĩĩthũ, Limuru, waliigiza kwa Kikuyu katika uwanja walioujenga wenyewe. Leseni ilifutwa Novemba, Ngũgĩ akatiwa kizuizini Desemba 31, na mwaka 1982 polisi waliubomoa uwanja ule.

Sheria inayodai leseni kwa michezo ya jukwaani, sura ya 222, ilitungwa mwaka 1962, siku za mwisho za ukoloni, ikarithiwa na serikali huru. Aprili 2025, kwenye tamasha la kitaifa la drama Nakuru, wasichana wa shule ya Butere walirejeshwa jukwaani kwa amri ya mahakama baada ya mchezo wao kuzuiwa. Wakaimba wimbo wa taifa, wakateremka bila kuigiza neno, huku nje polisi wakirusha mabomu ya machozi. Mchezo wenyewe waliuweka kando. Kilichobaki machoni mwa watu ni safu ya wasichana wenye sare za shule, waliosimama na kuondoka. Sijui mwalimu gani wa sanaa ya utendaji angewafundisha vizuri zaidi.

Katika ukumbi uleule wa Nairobi, Julai 2018, onyesho la *Brazen* lilisimulia upya visa vya wanawake wa historia yetu, akiwamo Mekatilili, Wangu na Muthoni wa Kirima, jemadari wa Mau Mau. Waandishi wake, Aleya Kassam, Laura Ekumbo na Anne Moraa, hawakutuomba tuwaonee fahari mashujaa. Walitufanya tucheke pamoja nao, na kicheko kilikata. Syowia Kyambi naye amemuumba Kaspale, mhusika mkorofi anayejipenyeza ndani ya picha za kumbukumbu za kikoloni na kuzivuruga. Kazi ya Kyambi inamchosha mtazamaji anayetaka kuelezwa haraka. Nayo imekusudia kuchosha, kwa kuwa picha zile zilipigwa ili zieleweke upesi.

Ukikuta kazi kama hizi, swali la kuanzia si "inamaanisha nini". Uliza mwili huu, wa mtu huyu, kwa kawaida haukuruhusiwa kufanya hivi wapi, na nani alikataza: ukoo, kanisa, chifu, au bodi yenye leseni. Mara nyingi utawakuta wawili au watatu pamoja, na huko ndiko kazi ilikojificha.

Makumbusho ya Taifa hapa Nairobi yana mzigo wa namna yake. Nest, kikundi cha wasanii wa Nairobi, kilishirikiana nayo na wasanii wa Ujerumani kuorodhesha vifaa vya Kenya vilivyo nje ya nchi, wakapata zaidi ya 32,000 katika taasisi 30. Kimojawapo cha vifaa vya Kenya vinavyodaiwa ni ngadji, ngoma kuu ya Wapokomo, ambayo maofisa wa Kiingereza waliichukua mwanzoni mwa karne ya 20 na sasa imo ghalani mwa British Museum. Wapokomo wanaidai. Wengi wao hawakuwahi kuiona hata ilipokuwa nyumbani: ilitunzwa mahali pa siri na wazee wachache, wengine waliisikia tu ikilia wakajua wameitwa. Siku ikirudi, mtu atataka kuiweka kwenye kioo, yenye taa na kibao cha maelezo, wanafunzi wapite wakiipiga picha kwa simu. Wazee watakataa, na serikali itasema ni mali ya Wakenya wote. Huo ndio mjadala ambao wasanii wetu wangeanza kuuandalia ngoma sasa hivi, kabla hata tarehe ya ndege haijapangwa.